Kelele Isiyosikika: Kutoka Tunguu Mpaka Fumba

Wadau, leo naandika habari ya kelele. Si kelele za Darajani mkesha wa Idi, wala za vespa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe saa nane ya usiku. Nazungumzia kelele ambayo sikio halina habari nayo kabisa, lakini redio inaisikia, simu inaisikia, na mashine za viwandani zinaisikia kuliko sisi sote. Wahandisi wanaiita kelele ya sumakuumeme. Mafundi wetu wa mitaani husema tu, "redio inakwaruza." Mimi naona maneno yao yanatosha.

Kwa nini nihangaike nayo? Kwa sababu ukiifuata mikwaruzo hii kurudi nyuma unakutana na Unguja nzima: Sultani, Wamarekani, Mapinduzi, Muungano na waya wa chini ya bahari. Na kwa sababu kisiwa kinataka viwanda, na viwanda vya leo vinaendeshwa na vifaa visivyo na waya. Swali langu ni dogo: kelele hii ikimsumbua mtu, inamhusu nani?

Tuanze na kelele yenyewe. Palipo na cheche ya umeme, pana redio. Miaka ya 1880 Mjerumani Heinrich Hertz alirusha cheche upande mmoja wa chumba, na cheche ndogo ikajibu upande wa pili bila waya wowote katikati. Marconi naye alianza na cheche hizo hizo. Kwa maneno mengine, redio ya kwanza duniani ilikuwa kelele iliyopangiliwa. Tatizo lake ni kwamba cheche haichagui masafa. Inamwagika kotekote, kama mtu anayepiga kelele msikitini: hata asiyehusika lazima asikie. Ndiyo maana mkutano wa kimataifa wa Washington wa mwaka 1927 ulianza kuifungia milango mitambo ya cheche.

Mitambo ikaondoka, lakini cheche zikabaki. Zimo kwenye plagi ya injini ya petroli, kwenye burashi za mota ya cherehani na ya drili, kwenye mashine ya kuchomelea vyuma, kwenye swichi iliyochakaa, na kwenye vikombe vya nguzo za umeme vilivyoingia chumvi. Hili la chumvi linatuhusu sana sisi watu wa pwani. Upepo wa bahari unaacha chumvi juu ya kikombe, vumbi linanata, kikija kimanyunyu cha mvua umeme unapata njia ya kutambaa juu yake, unaruka cheche, na redio za mtaa mzima zinaanza kukoroma.

Si mwanadamu peke yake mwenye lawama, tuwe waadilifu. Radi nayo ni kelele, na sisi tulio karibu na Ikweta tuna fungu kubwa la radi. Hata nyota zimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mhandisi wa Marekani, Karl Jansky, alipewa kazi ya kutafuta chanzo cha mikwaruzo iliyosumbua simu za redio za kuvuka Atlantiki. Akaondoa radi za karibu, akaondoa radi za mbali, akabaki na mvumo mmoja usioelezeka. Mwaka 1933 akatangaza kwamba unatoka katikati ya kundi letu la nyota. Elimu ya kusikiliza mbingu kwa redio ilizaliwa na malalamiko ya simu mbovu!

Ila radi na nyota huwezi kuzipeleka mahakamani. Kelele ya mashine unaweza. Mwaka 1934 ilianzishwa kamati ya kimataifa iitwayo CISPR, kazi yake ikiwa kuweka mipaka ya kelele ambayo kifaa kinaruhusiwa kutoa. Ina viwango vya mashine za viwandani, vingine vya magari na injini za plagi, vingine vya taa. Kwa hiyo ulimwengu umelijua tatizo hili kwa zaidi ya miaka 90.

Haya, tuje nyumbani.

Seyyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 na kuiwekea taa za umeme. Kila mwanafunzi wa Zanzibar analijua hilo, na wengi tunalitaja kwa majivuno. Wakati huo hapakuwa na redio ya kusumbuliwa, kwa hiyo umeme ulikuwa ajabu tupu, bila gharama iliyofichika. Gharama ilikuja redio ilipoingia majumbani.

Mwaka 1951 Sauti ya Unguja ilianza kutangaza. Redio za zama zile zilitumia mtindo tunaouita AM, ambao sauti ya mtangazaji husafirishwa kwa kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi. Sasa angalia mtego: cheche nayo ni nguvu inayopanda na kushuka ghafla. Kipokezi hakina akili ya kutofautisha taarabu na plagi ya lori. Vyote kwake ni wimbi lililopanda. Mmarekani Edwin Armstrong alishapata dawa mwaka 1933, yaani FM, ambayo haijali nguvu ya wimbi bali mabadiliko ya masafa yake. Lakini AM ilibaki kuwa redio ya watu kwa miongo mingi, kwa sababu inafika mbali na kipokezi chake ni rahisi. Sauti ya Tanzania Zanzibar ilitumia miaka mingi mtambo wa masafa mafupi ulioko Dole, na kilohezi 11735 ilikuwa namba maarufu kwa wapenzi wa redio hata Ulaya. Mtu anakaa usiku na kofia ya masikio, anaichambua sauti ya Unguja kutoka kwenye mvumo kama mama anayechambua mchele.

Lakini kisa ambacho hasa kimenifanya nikae chini niandike ni cha Tunguu.

Vijana wengi wanaopanda daladala kwenda chuo pale hawajui kwamba Tunguu iliwahi kusikiliza anga. Oktoba 1960 Marekani ilikubaliana na Uingereza, iliyokuwa mlinzi wa Zanzibar, kujenga hapa kituo cha mradi wa Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kumpeleka mtu kwenye mzunguko wa dunia. Satelaiti za mawasiliano tulizozizoea hazikuwapo. Ili kumfuatilia mtu mmoja anayezunguka dunia ilibidi kutandaza vituo kama 18 kwenye mstari wa njia yake, vingine juu ya meli. Afrika ilipata viwili: Kano, Nigeria, na Unguja. Baada ya Unguja ilifuata meli katika Bahari ya Hindi, kisha Australia.

Fikiria kazi yenyewe. Chombo kinakwenda kilomita kama 28,000 kwa saa. Kinachomoza kwenye upeo wa macho upande wa bara, kinapita juu, kinazama upande wa bahari, na yote hayo ni dakika chache tu. Mitambo ya ndani ya chombo inarusha kwa wati chache, chini ya nguvu ya taa ya chumbani. Katika dakika hizo kituo kinapaswa kunasa sauti ya mwanaanga, mapigo ya moyo wake, hali ya hewa anayovuta na hali ya mitambo, halafu kituma taarifa Marekani. Sauti ilipitia megahezi 296.8, na pia megahezi 15.016 kwenye masafa mafupi.

Sasa jiulize, kituo cha namna hiyo utakiweka wapi? Njia ya chombo ndiyo iliyokileta Unguja. Lakini ndani ya Unguja huwezi kukiweka Malindi katikati ya winchi za bandarini na malori, wala Saateni kwenye mashine za kufua umeme. Unakipeleka shamba. Kanuni ya ITU ya kukadiria kelele za wanadamu, iliyotokana na vipimo vya Marekani vya miaka ya 1960 na 1970, inaonyesha kwa nini. Kwenye megahezi 15 kelele ya mjini inaishinda ya shamba kwa desibeli karibu 10, yaani nguvu kama mara 9. Ukilinganisha mji na shamba lililo kimya kabisa, lisilo na waya wala injini, tofauti inafika desibeli 24, zaidi ya mara 200. Chombo ambacho Tunguu wangekisikia vizuri, mjini kingekuwa kimezikwa kwenye mikwaruzo.

Na kilisikika. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, akazungumza na watu wa kituo cha Zanzibar alipokuwa akipita. Dakika chache baada ya kutupita aliona jua likizama juu ya Bahari ya Hindi, mwanaanga wa kwanza wa Marekani kuyaona machweo akiwa kwenye mzunguko.

Kwa mhandisi, Tunguu ilikuwa na kitu cha thamani ambacho hakikuandikwa kwenye ramani yoyote: ukimya. Sisi tulikuwa nacho na hatukujua kama ni mali. Karafuu tuliipima kwa frasila, nazi tulizihesabu, ukimya hakuna aliyeupima ila mgeni.

Watu wa siasa nao walisikia kelele nyingine. Hizbu na vijana wake walikipinga kituo kwa nguvu. Hofu iliyosambaa ni kwamba ni kambi ya makombora, na kwamba vita vya nyuklia vikizuka Unguja itakuwa shabaha. Kituo hakikuwa na kombora hata moja, lakini siwacheki wazee wale. Ilikuwa zama za vita baridi, mabwana wawili wamekubaliana juu ya ardhi ya watu wa tatu, na maelezo yaliyotolewa hayakumtosheleza mtu. Palipokosekana maelezo, uvumi ulijaza nafasi. Hilo nalo ni aina ya kelele.

Safari ya mwisho ya Mercury ilikuwa Mei 1963. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na sauti ya John Okello ikatoka Raha Leo kwenye redio zile zile za AM. Ndani ya siku mbili Wamarekani wengi, wakiwemo watu wa kituo na familia zao, walikuwa wameondolewa kwa manowari Manley. Serikali ya Karume ikataka kituo kiondoke, na Aprili 1964 kikafungwa. Kazi yake ikahamia Tananarive, Madagaska. Mwezi huo huo, tarehe 26, ukazaliwa Muungano. Shikilia tarehe hiyo, nitairudia.

Baada ya hapo ukimya ukaanza kupungua, na kwa sababu nzuri kabisa. Umeme ni maendeleo. Mwaka 1980 waya wa chini ya bahari wa kilovolti 132 uliunganisha Ras Kiromoni upande wa bara na Fumba upande wetu. Mashine za dizeli za Saateni zikapumzika. Waya wenyewe ukiwa chini ya maji hausumbui redio ya mtu. Wanaosumbua ni watoto wake: nguzo, vikombe, transfoma na vifaa vya majumbani, mtaa baada ya mtaa, kijiji baada ya kijiji.

Halafu waya ukatusaliti. Mei 2008 Unguja iliingia kizani kwa karibu mwezi mzima. Kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 kiza kikachukua miezi mitatu. Tunakumbuka maji yaliyokatika, hoteli zilizolalamika na samaki walioharibika. Mimi nataka tuangalie redio.

Umeme wa gridi ulipozimika, kelele yake ilizimika pia. Nguzo hazina cheche, mota hazizunguki. Katika mtaa usio na jenereta, redio ya betri ilipaswa kunasa vituo vya mbali kwa usafi usio wa kawaida. Ndivyo fizikia inavyotaka. Lakini mwenye uwezo alinunua jenereta ya petroli, na jenereta ndogo ya petroli ina kelele mbili. Moja inajulikana, inakunyima usingizi. Ya pili inatoka kwenye plagi: kila mzunguko cheche, kila cheche wimbi, mara elfu kadhaa kwa dakika. Kiwanda makini kinaweka plagi yenye kizuizi na kufunika waya wake. Kiwanda cha bei poa kinaruka hatua hiyo ili kubana gharama.

Kwa hiyo ona hesabu ilivyokaa. Mwenye jenereta alipata taa, feni na televisheni. Jirani yake mwenye betri mbili alipata moshi, muungurumo na mikwaruzo juu ya taarifa ya habari, taarifa ambayo pengine ilikuwa inamwambia umeme utarudi lini. Hakuna sheria aliyoijua ya kumtetea. Angelalamika kwa nani, na angesema nini? "Bwana, jenereta yako inaharibu masafa yangu"?

Waya wa pili, wa megawati 100, uliojengwa kwa msaada wa Marekani, ulianza kazi mwaka 2013, na shida ile kubwa ikaisha. Lakini kelele imebadilisha sura. Leo adui si cheche peke yake. Chaja za simu, taa za LED, vigeuza umeme vya sola na vidhibiti mwendo vya mota, vyote hivi hufanya kazi kwa kukata umeme vipande vipande maelfu ya mara kwa sekunde. Kukata huko ndiko kunakookoa umeme, na ndiko kunakomwaga kelele kisipowekwa kichujio. Fundi mmoja wa mjini alinionyesha mchezo huu: aliwasha redio ya AM mahali pasipo na kituo, akaipitisha karibu na taa moja baada ya nyingine. Taa mbili zilikuwa kimya. Ya tatu, iliyokuwa rahisi kuliko zote, ilinguruma kama nyuki. Jaribu mwenyewe kwako usiku wa leo.

Kiwandani jambo hili si la kuchezea. Winchi ya kisasa inaongozwa kwa rimoti ya redio. Mawasiliano yakikatika, mashine salama imeundwa isimame yenyewe, na mzigo unabaki unaning'inia. Isiposimama, basi omba Mungu. Vipimo vya joto na vya shinikizo vinapeleka namba zao kwa Wi-Fi, na Wi-Fi yenyewe inaishi mtaa mbaya. Mwaka 1947, kwenye mkutano wa Atlantic City, mataifa yalitenga masafa yanayozunguka gigahezi 2.45 kwa ajili ya mashine za viwandani, za sayansi na za tiba, yaani mahali pa kutupia kelele. Majiko ya maikrowevu yapo hapo. Miongo kadhaa baadaye tukajenga Wi-Fi juu ya jalala hilo kwa sababu lilikuwa bure. Sasa jalala limekuwa makazi, na wote wanashangaa kwa nini linanuka.

Fumba, pale pale waya ulipoibukia mwaka 1980, leo kuna eneo huru la uchumi, viwanda na mji mpya. Nautakia heri. Lakini turudi kwenye swali langu la mwanzo.

Masafa ya redio yako chini ya TCRA, kwa sababu posta na simu ni jambo la Muungano tangu Hati ya 1964. Utangazaji wa Zanzibar uko chini ya Tume ya Utangazaji Zanzibar, kwa sababu utangazaji si jambo la Muungano. Nguzo na vikombe ni vya ZECO, Shirika la Umeme la Zanzibar. Ubora wa taa na jenereta zinazoshuka bandarini unaihusu Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS. Kila mmoja ana kipande chake halali. Kelele, kwa tabia yake, haina pasipoti. Inazaliwa kwenye kifaa kilichopita kwa ZBS, inasafiri kwenye nguzo ya ZECO, inaharibu masafa ya TCRA, na anayeumia ni msikilizaji wa ZBC aliyekaa barazani kwake. Ukisoma mjadala wa kero za Muungano utakuta mafuta, kodi na bandari. Mikwaruzo hutaikuta, kwa sababu aliyesumbuliwa nayo anadhani redio yake ni mbovu.

Na sidhani ni jambo dogo. Kisiwa kinaishi kwa vyombo vya baharini, na vyombo hivyo vinategemea redio za VHF na chaneli yake ya dharura, namba 16. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 tulizika matumaini ya mamia ya watu katika MV Spice Islander I. Sisemi, na asininukuu mtu kwamba nimesema, kuwa kelele ndiyo iliyoizamisha. Ilizama kwa sababu nyingine, kwanza kujazwa kupita kiasi. Nasema tu kwamba watu waliopitia msiba ule hawahitaji kuelezwa thamani ya ujumbe unaofika upande wa pili.

Tufanye nini basi? Sina jawabu la kitaalamu zaidi ya hili: tupime. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina kampasi yake kuu Tunguu. Kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, pamoja na programu ya bure, kinatosha kuanza. Wanafunzi wapime Tunguu, Mchangani, Malindi na Fumba, mchana na usiku, kabla viwanda havijajaa. Ukiwa na namba unaweza kwenda kwa ZBS na kuuliza taa hii ilipitaje, ukaenda kwa ZECO na kuonyesha nguzo ipi ina kikombe kibovu, ukaenda kwa TCRA na kudai haki ya masafa yako. Bila namba, utaambiwa ukanunue redio nyingine.

Wageni walikuja wakausikiliza ukimya wetu kwa miaka michache, wakaondoka na kumbukumbu zao. Safari hii wanaosikiliza wawe ni sisi.